Machela au kipoyi?

Mwaka jana mwalimu wetu wa tafsiri alitupa ukurasa mmoja wa Kifaransa tuutie katika Kiswahili. Ulihusu hospitali ya kijeshi ya Kongo ya Kibelgiji ambayo, katika Vita vya Pili vya Dunia, ilifuatana na majeshi ya Uingereza hadi Burma. Ilikuwa na Wakongo wapatao 350 na Wazungu wapatao 20. Huko Burma ilihudumia majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika eneo la mto Chindwin.

Wauguzi na madereva hawakunisumbua. Nilikwama kwenye neno «brancardiers». Kamusi ilinipa «wabeba machela». Ni sahihi, lakini sikumwona mtu yeyote ndani yake.

Mimi ni mtoto wa Mubi. Kwetu Walikale, mgonjwa aliye mbali na barabara hubebwa kwa kipoyi: miti miwili mirefu, na blanketi lililofungwa katikati. Nilipokuwa na miaka tisa, mama alishikwa na uchungu usiku, tukiwa shambani, ndani ya msitu. Wanaume wanne walimweka mabegani; wengine wanne wakafuata nyuma ili wapokezane. Mimi nilibeba sufuria na vitenge. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye miteremko, wa mbele waliinua miti juu na wa nyuma wakaishusha, mama asije akateleza. Hakuna aliyetoa amri. Tulifika Mubi asubuhi. Mama alipona, mtoto hatukumpata.

Kwa hiyo niliandika «wabeba kipoyi». Mwalimu alilizungushia neno hilo wino mwekundu, akaniuliza mbele ya wenzangu:

— Unajua kipoyi kilimbeba nani zamani?

Nilijua. Wazee wetu wanasimulia kwamba kilikuwa kiti cha Mzungu wa serikali, na wanakijiji walilazimishwa kumbeba toka kijiji hadi kijiji.

— Basi, mbona unawarudisha watu hawa chini ya kiti hicho?

Swali hilo liliniuma, maana lilikuwa la haki. Nilikaa nalo wiki nzima. Kisha nikaona kwamba si mimi niliyewarudisha huko. Watu wale walikwenda Burma wakiwa watu wa koloni, chini ya maofisa Wazungu, katika vita ambavyo hawakuulizwa. «Machela» linalificha jambo hilo. «Kipoyi» linalitaja, na linataja pia lile la pili: kumbeba mtu polepole ili asiumie zaidi. Siku hizi kwetu hakuna bwana anayepanda kipoyi. Anayepanda ni mgonjwa. Watu wamelichukua neno la kazi ya shuruti wakalifanya neno la kusaidiana.

Mwezi wa Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, mmoja wa Wakongo waliofika Burma. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 75. Ikiwa heshima ilichelewa hivyo, sisi watafsiri tusiwapunguzie hata lile neno linalowaonyesha.

Nilirudisha kazi yangu na neno lile lile, nikaongeza sentensi moja ya maelezo chini yake. Mwalimu hakuniongezea alama. Aliniomba tu niisome sentensi hiyo darasani, kwa sauti.