Gari Ipumue, na Sisi Je?

Jamani, kuna neno moja kwenye gereji za Dar limeshakuwa dawa ya kila ugonjwa: "Toa masega." Gari nzito? Toa masega. Inakula mafuta? Toa masega. Inatoa moshi mweusi? Toa masega.

Kwa wasioyajua, masega ni ile kataliti iliyomo kwenye ekzosi. Ndani ina vitundu vingi kama sega la nyuki, vimepakwa madini ya platinamu na paladiamu. Moshi wa moto ukipita hapo, gesi ya kaboni monoksaidi na mabaki ya mafuta yasiyoungua hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Dizeli nyingi za karibuni zina pia kichujio kinachonasa masizi na kuyachoma joto likipanda.

Sasa mjomba wangu wa Iringa ana gari ya dizeli, mtumba wa Japani. Ikaanza kukata pumzi akipanda Kitonga. Akanituma niipeleke kwa fundi huku mjini. Fundi akaiwasha, akasikiliza, akasema: "Bosi, hii imeziba. Natoa masega, naweka bomba tupu, gari ipumue. Hela ya ufundi sitaki, uniachie tu kile kifaa."

Hapo uandishi wa habari ukaniwasha. Fundi gani wa mjini anafanya kazi ya bure? Jibu ni platinamu. Afrika Kusini ndiyo inaongoza duniani kwa kuichimba, na kataliti chakavu zina wanunuzi wake kwa sababu ya madini hayo hayo. Kwa hiyo mjomba angepoteza kifaa cha thamani, na asante angetoa juu.

Tumtendee haki fundi: kataliti iliyoziba kweli inaibana injini, na ukiitoa gari itachangamka. Lakini imeziba kwa nini? Nozeli ikimwaga dizeli kupita kiasi, au tabo ikivujisha oili, masizi yanajaa. Foleni zetu nazo zinachangia, maana gari haipati joto la kutosha kuyachoma. Ukitoa masega ukaiacha nozeli mbovu, ni kama kuvunja kipimajoto ukadhani homa imeisha.

Wapo wanaosema mafuta yetu ni machafu, hivyo vifaa hivi havitufai. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani salfa nyingi huharibu kataliti. Lakini Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilihamia kwenye dizeli yenye kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Kisingizio hicho kimechakaa.

Na moshi wenyewe? Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Uingereza, tangu Februari 2014, dizeli iliyong'olewa kichujio chake cha masizi inafeli ukaguzi.

Fikiria ni nani anayeuvuta. Mwenye gari kapandisha vioo, kiyoyozi kinapuliza. Moshi unamwendea bodaboda aliye nyuma yake, mama anayekaanga mihogo pembeni ya barabara, na mwanafunzi aliyezuiwa na konda kupanda daladala. Gari inapumua, wao wanakohoa.

Nikampigia mjomba. Baada ya shikamoo nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Hizo nozeli ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akaguna, akaniambia, "Mpwa wangu, kule nafanyiwa bure, wewe unaniletea bili." Kisha akasema atalala nalo.

Mpaka naandika haya hajanipigia, na gari bado ipo gereji, masega yake ndani. Angekuwa mjomba wako ungemwambia nini?