Athens: Mji ulionong'ona, dunia ikasikia

UKISIKIA jina Athens, msomaji, bila shaka utafikiria Ugiriki. Lakini iko Athens nyingine, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani, mashariki ya Atlanta. Kama wewe ni mpenzi wa magitaa, huko ndiko kwa kuzuru. Ila nakuonya mapema: nenda na masikio, kwani macho hayatapata mengi.

Anzia katikati ya mji, kwenye duka la santuri liitwalo Wuxtry. Hapo ndipo alipokuwa akiuza santuri kijana Peter Buck. Mmoja wa wateja wake alikuwa Michael Stipe, mwanafunzi wa sanaa, ambaye kila mara alizichagua santuri zile zile ambazo Buck alitaka kujiwekea. Wakawa marafiki, kisha wakakutana na Mike Mills na Bill Berry.

Sasa teremka hadi barabara ya Oconee. Utauona mnara wa kanisa umesimama peke yake, mithili ya mzee aliyefiwa na jamaa yake yote. Hayo ndiyo masalio ya kanisa la St. Mary's. Aprili 5, 1980, wakati ambapo ibada zilikuwa zimekwisha humo zamani, vijana hao wanne walipiga muziki mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao. Baadaye wakajiita R.E.M. Jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 1990.

Miaka mitatu baada ya usiku ule, mnamo Aprili 1983, walitoa albamu yao ya kwanza, Murmur, yaani mnong'ono. Haikupatikana kwa urahisi. Kampuni yao ya I.R.S. iliwapa kwanza fundi aliyewarudisha mwanzo wa wimbo mara nyingi, kisha akaongeza vinanda vya umeme bila ridhaa yao. Vijana wakakataa katakata. Wakaomba warekodi na Mitch Easter, aliyewajua tangu awali, naye akashirikiana na Don Dixon mjini Charlotte. Mwisho wa mwaka huo, wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliitaja kuwa albamu bora ya 1983, mbele ya Thriller ya Michael Jackson!

Ukiisikiliza, usijilaumu kwa kutoyashika maneno. Waamerika wenyewe hawakuyashika, maana Stipe aliyamung'unya kama mtu azungumzaye usingizini. Sisi tuliocheza nyimbo za Kilingala miaka nenda miaka rudi bila kujua zasema nini, hilo si geni kwetu. Gitaa litakueleza yaliyobaki.

Kisha tazama jalada. Mbele kuna kudzu, mmea wa kutambaa uliotoka Asia, ukapandwa kusini mwa Marekani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ulipozoea ukafunika miti na nyumba, kama gugumaji lilivyolifunika Ziwa Victoria. Nyuma kuna daraja la reli la mbao, lililokuwa karibu na bustani ya Dudley. Mashabiki walisafiri kutoka mbali kuja kulipiga picha, na wenyeji walipigania lisibomolewe. Lakini mbao huoza, na mwaka 2021 likaangushwa.

Basi hesabu mwenyewe, msomaji. Kanisa halipo, daraja la zamani halipo, na bendi nayo ilivunjika mwaka 2011. Lakini weka santuri hiyo ichezwe, na mji mzima utarudi: unyevu wa kiangazi, majani yanayotambaa, na vijana wanne wasiojulikana na yeyote.

Na jioni utakaposikia vijana wa jirani wakihangaika na gitaa la kuazima, usiwe mwepesi wa kufunga dirisha. Sikiliza kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu.