Anko, kibali kimetoka

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa bado kitandani baada ya zamu ya usiku pale chumba cha habari, simu ikaita. Alikuwa mjomba wangu wa Mbagala. Hata shikamoo yangu hakungoja niimalize.

"Anko, kibali kimetoka. Amka, twende mjini tukachague."

Nilijua anazungumzia kibali gani maana suala hilo lilikuwa limekaa nyumbani kwake kama mgeni asiyeaga. Mjomba ana duka la jumla, sembe, sukari, mafuta ya kula, na pembeni kuna kikaunta cha wakala wa pesa za simu. Mwaka juzi, saa mbili usiku, walikuja vijana wawili na bodaboda. Mmoja alibaki nje hajazima pikipiki, mwingine akaingia na bastola mkononi. Wakachukua mauzo ya siku nzima na simu zote za uwakala. Kabla ya kutoka, yule wa ndani akampiga kijana wa dukani na kitako cha bastola juu ya sikio. Kijana alishonwa, akapona. Mjomba ndiye ambaye hakupona. Kuanzia siku hiyo kila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya duka anaacha kuhesabu hela.

Basi akaamua kuomba. Wanaodhani bastola Tanzania unainunua kama redio, niwaambie nilichokiona. Alianzia serikali ya mtaa, akapanda kata, akaenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, akachukuliwa alama za vidole, faili lake likapita kwenye kamati za ulinzi na usalama. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2015, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1991, na maana yake kwa mtu wa kawaida ni moja tu: unatakiwa ueleze kwa nini unaitaka, na watu wengi wanatakiwa wakubaliane na maelezo yako. Ilichukua miezi. Mimi nilidhani atachoka. Hakuchoka.

Kwa nini aniite mimi? Kwanza mimi ndiye msomi wa ukoo, na kwa mjomba mtu aliyemaliza chuo kikuu anajua kila kitu, kuanzia dawa ya kisukari hadi bei ya dola. Pili, nilipita JKT. Mimi ni wale wa mujibu wa sheria, mpango uliosimamishwa 1994 ukarudishwa 2013, tuliomaliza kidato cha sita tukapelekwa kambini kulima, kukimbia mchakamchaka na kupiga shabaha. Ukweli ni kwamba risasi nilizopiga kambini unaweza kuzihesabu kwa vidole na vidole vikabaki, na zote zilikuwa za SMG, nimelala kifudifudi, kitako kimekaa begani, afande kanisimamia mgongoni. Bastola nilikuwa sijawahi kuishika. Lakini ningemwambia mjomba hivyo? Niliazima sifa, nikaenda nazo mjini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ya dukani nilisoma mpaka macho yakauma, na ninafurahi nilisoma, kwa sababu dukani mambo ni ya haraka na muuzaji ana mdomo mtamu. Aliweka mezani vitu vinne. Kwanza kibastola cha .380 kinachoingia mfuko wa shati. Cha pili rivolva ya .38, ile ya silinda, ya risasi sita. Halafu CZ 75, ya chuma kitupu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mwisho Glock 19, nyeusi, nusu yake plastiki, haina mvuto wowote.

Mjomba alikipenda kile kidogo. Kila mtu anakipenda. Kinafichika, ni chepesi, hakitishi. Kumbe ndicho kigumu kuliko vyote kukipiga vizuri. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi mkononi, mpini wake mfupi hauna pa kuweka vidole vyote, na kwa kuwa mtutu ni mfupi, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mdogo, hivyo ukikosea kidogo sana pale machoni, kule mbele umekosea sana. Ni silaha ya fundi ambayo inauzwa kwa wanaoanza. Nilimwambia, akakunja uso, akairudisha mezani.

Rivolva nayo ina sifa yake: ni rahisi kuielewa, na risasi ikigoma unavuta triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Lakini usipoikoki kwanza, triga yake ni nzito na safari yake ni ndefu. Mjomba alijaribu, mkono mzima ukatetemeka kwa nguvu alizotumia.

Akahamia kwenye CZ. Hiyo aliipenda kwa moyo. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1970 huko iliyokuwa Chekoslovakia, uzito wake unakaribia kilo moja, na uzito huo unameza teke la risasi. Tatizo lilikuja kwenye kuikoki. Miaka thelathini ya kushusha mifuko ya sembe imemwachia mjomba kidole gumba kinachouma. Kwenye CZ kile kipande cha juu unachokivuta nyuma kimezama ndani ya fremu, kwa hiyo pa kushika ni padogo. Alivuta mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu kikamponyoka. Muuzaji akageuka kupanga vitu kwenye rafu kana kwamba hajaona. Nami nikaangalia ukutani. Mtu wa miaka 58 aliyezoea kuita vijana waje wabebe, hapendi kuonwa anashindwa.

Nikakumbuka nilichosoma. "Anko, usivute kwa kidole. Shika juu kwa kiganja kizima, halafu mkono wa kulia ndio usukume mbele." Tukafanya hivyo na Glock, ambayo ina pa kushika, ikakubali mara ya kwanza. Uso wake ukabadilika. Nikamwambia na hadithi yake, kwamba Gaston Glock alikuwa hajawahi kubuni bunduki maishani, kiwanda chake kilikuwa kinatengeneza visu na vyuma vya mapazia, ndipo jeshi la Austria likaichukua bastola yake mwaka 1982. Mjomba akacheka, "Kumbe ni mfanyabiashara mwenzangu." Akaichukua. Milimita 9, risasi aliyoibuni Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko nyingine. Magazini inabeba 15.

Jambo moja lilinipa wasiwasi, na bado linanipa. Glock haina kile kiswichi cha usalama cha pembeni. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe, maana yake ni kwamba kidole kikiingia na kuvuta, imelia, hakuna cha kukuuliza mara mbili. Tukanunua na ala ngumu inayoifunika triga yote, na sefu ndogo ya kufungia ukutani kwa boliti. Mjomba alinung'unikia bei ya sefu. Bastola yenyewe hakuinung'unikia hata kidogo, na hilo linachekesha ukilifikiria.

Uwanja wa shabaha tuliokwenda uko nje ya mji. Mwalimu ni sajenti mstaafu, mtu wa maneno machache, na siku ya kwanza hatukupiga risasi hata moja. Alitufundisha kanuni nne zilizosambazwa duniani na Mmarekani Jeff Cooper, aliyefariki 2006: kila silaha ichukulie imejaa, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga, na ujue unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Alituuliza hizo nne kila baada ya robo saa kama mwalimu wa madrasa.

Kisha akatoa sarafu ya shilingi hamsini. Bastola tupu, imekaguliwa na watu watatu, sarafu imelazwa juu karibu na kilengeo cha mbele. Vuta triga bila sarafu kuanguka. Jaribuni kuwaza, wanaume wazima wawili, jua la saa nne, wanaokota shilingi hamsini kwenye mchanga.

Wiki iliyofuata ndipo tukapiga, mita saba. Mjomba na yake, mimi na ya uwanja, ya .22, mwalimu kanisimamia begani. Karatasi ya mjomba ilikuwa na matundu chini kushoto, yote. Yangu ilikuwa mbaya zaidi, mengine hayakuwamo kabisa kwenye karatasi. Mjomba akaniangalia. "Na JKT mlikuwa mnafanya nini?"

Mwalimu hakusema kitu. Alichukua magazini zetu akageuka, akazijaza, na katikati ya risasi za kweli akachomeka za bandia, hatujui zipi. Nikapiga ya kwanza, paa. Ya pili, paa. Ya tatu haikulia, na hapo nikajiona kwa macho yangu: bastola haikutoa kitu, lakini mtutu uliinama chini kama mtoto anayemwamkia bibi. Mkono ulikuwa unajiandaa kwa kishindo kabla kishindo hakijaja. Ndiyo sababu ya matundu ya chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia: si macho, ni woga. Nimeandika habari za mahakamani na za mauaji miaka mitatu sasa na sikuwahi kujiona muoga. Risasi moja ya plastiki ilinionyesha.

Dawa yake, alisema, ni kuvuta triga taratibu kiasi kwamba mlio ukushtue wewe mwenyewe, na kutazama kilengeo cha mbele tu. Si shabaha. Shabaha iwe na ukungu, kilengeo kionekane wazi. Hapo mjomba akakwama, maana kwa umri wake kilengeo ndicho chenye ukungu. Akatoa miwani yake ya kusomea, ile ya daftari la madeni, akaivaa. Matundu yakaanza kukusanyika. Mwezi wa tatu yalikuwa yanaenea kwenye kisahani cha chai. Nilifurahi kama niliyefaulu mimi.

Kisha mwalimu akafanya kitu ambacho sijaweza kukiacha kichwani. Aliweka meza, akasema hii ni kaunta. Bastola halisi zikafungiwa, mjomba akapewa ya mpira, akaivaa kiunoni, shati juu yake, kama angekaa dukani. Mimi nikapewa ya mpira pia. "Wewe ndiye wa bodaboda. Ingia."

Akatueleza kuhusu askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliyeandika mwaka 1983 kwamba mtu mzima anakimbia futi 21, yaani mita sita na kitu, kwa kama sekunde moja na nusu. Mimi sikuwa hata na mita sita. Kaunta ya mjomba ina upana wa mkono mmoja.

Niliingia. Mjomba akapeleka mkono kiunoni, akashika shati. Mpira wangu ulikuwa tayari kifuani pake. Tukarudia. Mara ya pili aliifikia bastola, haijatoka. Mara ya tatu miwani ilianguka. Tulirudia mara sita, na mara zote sita nilimuua mjomba wangu.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alikaa muda mrefu, halafu akauliza, si kwa sauti ya kubishana, "Kwa hiyo siku ile ningekuwa nayo?"

Mwalimu alikuwa anaokota maganda. "Siku ile mzee, nadhani wangeondoka na bastola mbili."

Nikakumbuka na kanuni ya nne. Nyuma ya yule kijana siku ile, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na banda la chipsi na foleni ya watu. Sikuisema. Mjomba analijua banda hilo kuliko mimi.

Njiani kurudi hakuongea mpaka Mtoni. Nami nilikuwa na yangu. Sijawaambia hili: mwanzoni mwa mwaka huu niliandika habari ya kiwanja, na usiku mmoja mtu nisiyemjua akanipigia simu, akanitajia rangi ya geti la nyumba ninayopanga, akakata. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kwenda serikali ya mtaa. Ina anuani, tarehe, kichwa cha habari. Inaishia kwenye neno "sababu". Nilikaa kwenye gari naihesabu njia kutoka getini mpaka mlango wa chumba changu. Haifiki mita sita.

Mjomba hajaiuza bastola yake, msije mkadhani. Iko kwenye sefu nyumbani, na haiendi dukani. Uwakala sasa anaufunga saa kumi na mbili jioni, kaweka nondo mbele ya kaunta, na mauzo yanapelekwa mchana kwa saa zinazobadilika. Wateja wa usiku wamelalamika, wengine wamehamia duka la pili. Hasara anaijua kwa shilingi. Ila mara moja kwa mwezi, Jumapili, ananipitia tunakwenda uwanjani. Anasema kitu ukishakuwa nacho ni lazima ukijue, na pia, nadhani, anapenda kunishinda.

Barua yangu bado iko kwenye droo, sijaichana. Jana kanipigia kunikumbusha ya Jumapili, akasema nije na shilingi hamsini yangu. Ya kwake kijana wa dukani kaitoa chenji.