Kunguru Hafugiki

Waswahili husema kunguru hafugiki. Tangu utotoni nimeusikia msemo huu ukitupiwa watu wasiotulia nyumbani, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ungeingia kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Maana kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayetupigia kelele Dar es Salaam nzima, hakuja mwenyewe. Aliletwa.

Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji. Kazi aliyoitiwa akaifanya, kisha akajiongezea nyingine. Alivuka bahari, akaenea miji ya pwani, na sasa anaonekana hata bara. Wanasayansi humwita Corvus splendens, yaani kunguru anayeng'aa. Mama yangu ana majina mengine ya kumwita, ambayo mhariri hatayaruhusu hapa.

Mama anafuga kuku wa kienyeji uani. Kuku hao wamelipa sehemu ya ada yangu, kwa hiyo vita vyake na kunguru vinanihusu. Mayai yakianguliwa tu, huwapaka vifaranga rangi ya zambarau ili kunguru waogope. Siku za mwanzo inasaidia. Baadaye kunguru wanaizoea, na jioni tunahesabu waliobaki. Nilipomwambia kwamba nasomea ndege hao, aliuliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, huo utafiti wako utawaua lini?"

Ni swali la haki, na si yeye peke yake aliyeliuliza. Zanzibar iliendesha kampeni ya kuwapunguza katika miaka ya 1990. Idadi yao ilishuka sana, lakini kampeni ilipokoma wakarudi. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza lengo la kuua kunguru milioni moja, sumu ikiwa mojawapo ya njia. Sababu zipo. Kunguru hawa hula mayai na makinda ya ndege wengine, huvamia vifaranga, na huwasumbua wenye biashara za chakula.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu. Asubuhi na jioni nasimama sehemu zilezile na daftari: soko la samaki la Feri, mitaa ya Kariakoo, mtaa wetu. Baada ya miezi kadhaa niligundua kwamba ninachokichora ni ramani ya taka. Utumbo wa samaki ukimwagwa, wapo. Gari la taka lisipofika, wapo zaidi. Siku moja mchuuzi wa samaki alinitazama muda mrefu, akasema, "Dada, unahesabu kunguru au unatuhesabu sisi?" Tulicheka wote, ila usiku ule niliongeza safu mpya kwenye jedwali: nani katupa nini, saa ngapi.

Nao wanatuhesabu. Huko Seattle, Marekani, mtaalamu wa ikolojia John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakamata kunguru wa huko wakiwa wamevaa barakoa maalumu. Miaka ilipita, na bado kila aliyepita na barakoa ile alizomewa. Wale ni kunguru wa aina nyingine, lakini mwulize mama kama hawa wa kwetu hawamjui mwenye fimbo.

Sehemu ya utafiti iliyoniuma zaidi haikuwa na kunguru ndani yake. Niliwaomba watu wataje ndege wanaowafahamu. Mzee mmoja alianza bila kufikiri: chozi, shore, tetere, mnana, kurumbiza, chiriku. Alinieleza kila mmoja analiaje. Mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekaa pembeni, alitaja kunguru, njiwa na kuku. Babu yake alimtazama kama aliyesikia habari ya msiba. Siwezi kumbebesha kunguru lawama yote. Miti imekatwa, na viwanja vimejaa saruji. Lakini mtoto hawezi kulilia ndege asiyejua hata jina lake, na hilo ndilo linalonifanya nitake kunguru wapungue.

Nilimpa mama jibu nililonalo: sumu peke yake itatupa nafuu ya muda, na tukiendelea kuwaandalia chakula watarudi. Alisikiliza huku akifunika banda kwa wavu mkuukuu wa samaki.

"Basi hilo ndilo uliandike," alisema. "Hela ya taka tunatoa kila mwezi, gari tunalisikia mtaa wa pili."

Nimeliandika. Lipo sura ya nne, chini ya jedwali la kunguru.