Shangazi Anayekinga Mvuke

Nilitumwa na ndugu zangu nikamlete Shangazi Nairobi. Tulikuwa tumekaa kikao tukakubaliana kwamba mjane wa miaka 74, tena mwenye maumivu ya mguu, hawezi kuachwa peke yake katika milima ya Eburru, mahali pasipo na mto wala kisima. Basi Jumamosi moja nikafuatana na mwanangu wa darasa la sita, tukapanda matatu hadi Naivasha, kisha gari jingine la kutupandisha mlimani.

"Mama, mlima unaungua!" alipaza sauti tulipokaribia.

Kweli, vifuko vyeupe vilikuwa vikipaa kutoka ardhini katikati ya mashamba. Nikamweleza kwamba ule haukuwa moshi bali mvuke. Eburru ni mlima wa volkeno. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa hadi kwenye miamba yenye joto kali, yakachemka, kisha yakarudi juu yakiwa mvuke.

Nyuma ya nyumba yake, Shangazi ametega bomba juu ya ufa mmoja. Mvuke hupita humo, hupoa, na kudondoka tone baada ya tone ndani ya pipa. Hayo ndiyo maji anayokunywa, anayopikia na kunyweshea mbuzi wake. Wenyeji wa huko wamekinga maji kwa njia hii kwa miaka mingi, na mvuke uo huo umetumiwa kukaushia pareto.

Jioni, baada ya chai, nikautoa ujumbe wa ndugu zangu. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza polepole:

"Mwanangu, huko kwenu maji ya mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki?"

Nikanyamaza. Mtaani kwetu hutoka siku mbili tu, na siku nyingine hununua mitungi kutoka kwa mikokoteni.

"Hapa wakati wa baridi hudondoka kwa wingi, jua likiwaka hupungua," akasema. "Lakini hayajanikatikia tangu niolewe. Nikienda kwako, nitakinga nini?"

Usiku huo sikupata usingizi. Niliwaza juu ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza huko mwaka wa 1956, na vile vya kwanza havikufaulu. Ilichukua miaka 25, hadi 1981, kabla ya mtambo wa kwanza wa megawati 15 kuanza kutoa umeme. Leo nguvu za mvuke hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Serikali na wahandisi walisubiri kwa subira tukawasifu. Shangazi naye amesubiri matone yake maisha yote, nasi tukamwona mtu wa kuhurumiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Nilirudi Nairobi bila Shangazi, na kaka yangu mkubwa alinikemea vikali. Hata hivyo, mwishowe tulichanga pesa tukamnunulia tangi kubwa lenye bomba la kufungulia, asiinamie pipa tena, na tukapatana na binti wa jirani amsaidie kazi nzito.

Kuhusu mguu wake, bado nina wasiwasi. Kila Jumapili jioni humpigia simu, na kabla sijamwuliza hali, mwanangu huninyang'anya simu na kuuliza, "Nyanya, tangi limefika wapi?"