Mawe ya Mbaraki

Nilizaliwa Mbaraki, katika kisiwa cha Mombasa, si mbali na ile nguzo ya kale ya mawe. Baba yangu alikuwa mwashi. Aliponituma kumchagulia mawe nilikawia, maana katika kila jiwe niliona makombe na vijumba vya matumbawe.

“Baba, bahari imeingiaje humu?” nilimwuliza siku moja.

“Kamwulize mwalimu wako. Mimi najua kulipasua tu.”

Jibu nililipata chuo kikuu. Kisiwa chetu chenyewe ni mwamba wa matumbawe yaliyokua zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Tumbawe hujijenga kwa kalsiamu ya maji ya bahari, na pamoja nayo hunasa strontiamu kidogo; maji yakipata joto, kiasi hicho hupungua. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza habari ya tumbawe moja la Malindi. Bariamu iliyomo ilishuhudia, kwa muda wa miaka 300 hivi, udongo ulioletwa baharini na mto Sabaki, na jinsi ulivyozidi tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Nikatamani kuyasoma hivyo mawe ya kwetu.

Mwaka mzima wa masomo yangu ya uzamili nilikusanya vipande. Vilipopimwa kwa eksirei, nilivunjika moyo. Tumbawe hai hujengwa kwa madini yaitwayo aragoniti. Vipande vyangu vilikuwa kalsaiti. Maji ya mvua yalikuwa yameliyeyusha jiwe na kuliunda upya. Umbo lilikuwa la tumbawe, kemia ni ya mvua. Nilishauriwa nibadili mada, na fedha nilizopewa zilikuwa zikingoni.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba. Aliniuliza nilitoa wapi mawe hayo. Nikasema, juu ya mwamba, ambako ni rahisi kufika.

“Mwanangu, ukuta usiopakwa chokaa huliwa na mvua. Wewe umechukua ukuta ulio uchi.”

Kesho yake alinipeleka palipochimbwa msingi mpya, tukachagua mawe ya chini, yaliyoshikamana sana. Mengi nayo yalikuwa yamegeuka. Mawili hayakugeuka.

Nilipomletea karatasi ya vipimo, aliitazama kwa muda mrefu, ingawa hakusoma kizungu.

“Basi bahari hiyo ilikuwa na joto kama hii yetu?”

Nikamjibu kuwa sijajua bado. Mashahidi wawili ni wachache. Akaniuliza twende lini tena.