Jikoni kwa Nesi, sehemu ya 9: Nyama ya siagi na thomu, mbatata za kuponda, na siku baba alipopaliwa

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne, na sasa nimekaa roshani hapa Michenzani nawaandikia kabla watoto hawajarudi chuoni.

Sehemu iliyopita nilieleza uji, na wengi mlinifuata inboksi mkaniambia: nesi, umetuchosha na uji, tuletee kitu cha kushiba. Haya, leo nyama. Lakini nisomeni mpaka mwisho, mana ndani yake mna jambo ambalo nililionea aibu kulisema kwa miezi.

Binti yangu wa miaka 11 ndiye aliyeanza. Aliona kwenye simu ya shangazi yake video ya Mzungu anakaanga vipande vya nyama kwenye siagi na kitunguu thomu, na pembeni mbatata nyeupe, laini kama povu. "Mama, tupikie kama hivi." Nikaiangalia mara tatu. Nikajisemea, kumbe hii ni mishkaki isiyo na kijiti, na zile ni mbatata za katlesi zimetiwa maziwa tu. Hakuna kigeni hapa.

Kigeni kilikuwepo, na ni nyama yenyewe. Ile ya kwenye video ni ya ng'ombe aliyenoneshwa, halafu ikawekwa kwenye baridi siku nyingi mpaka ikalainika yenyewe. Ng'ombe wetu ametembea maisha yake yote akitafuta majani, anachinjwa alfajiri, na adhuhuri yuko sufuriani. Ndo mana mabibi zetu nyama waliichemsha kwanza. Ukiichukua hivi hivi ukaitia kwenye siagi dakika nne, utatafuna mpaka taya ziume na nyama bado iko vile vile.

Kwa hiyo kipande ni muhimu kuliko siagi. Unataka salala, ile nyama ya mgongoni ambayo ng'ombe haitumii sana akitembea. Ukisema "nipe steki" tu, muuzaji anakukatia nyama yoyote isiyo na mfupa, na wala hajakudanganya, mana ndivyo neno lenyewe tunavyolitumia.

Hapa inabidi nimtaje baba. Baba aliuza nyama Marikiti, pale Darajani, kwenye lile jengo la 1904, zaidi ya miaka 30. Mie nimekulia harufu ile. Nikiwa mdogo, nikimpelekea chai, alikuwa ananionesha kipande kabla hajakikata. "Mwanangu, nyama ina nyuzi kama usumba. Ukikata kufuata nyuzi, umempa mtu kamba atafune. Kata kuzikingama." Kisu chake kilikuwa kimeliwa na tupa mpaka kimebaki chembamba kama kidole.

Mwaka juzi alipata kiharusi. Kikachukua upande wa kulia, ule mkono wa kisu, na maneno yakaenda nao. Anakuelewa kila kitu, lakini kusema anasema neno moja, mawili, siku nyingine hata hilo hakuna. Anakaa kwetu, ghorofa ya tatu. Majumba haya ya Mzee Karume mnayajua, marefu kama treni, ngazi nyingi, lifti hakuna. Baba hajashuka chini ila kwa kubebwa, akiwa anapelekwa kliniki.

Basi turudi jikoni. Nawapa kwanza jinsi ninavyopika sasa, kisha niwaambie siku ya kwanza nilivyopika.

Kilo moja ya salala. Ikate kuzikingama nyuzi, vipande vya mishkaki. Kama huna hakika na nyama yako, kuna lile papai bichi: kwaruza kama vijiko viwili, upakaze, uache dakika 20 au 30, halafu ulipanguse lote. Usililaze na nyama usiku kucha kwa kudhani ndo italainika zaidi, juu itakuwa kama imeshatafunwa. Baada ya hapo nyama ikaushwe kwa karatasi au kitambaa safi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Nyama yenye maji haikaangiki, inajichemsha tu na kutoa rangi ya kijivu. Chumvi kidogo, pilipili manga.

Kikaango kiwe moto kweli kweli, mafuta kijiko kimoja au samli. Siagi bado! Siagi ina maziwa ndani yake, ukianza nayo kwenye moto mkali inaungua na kuwa chungu kabla nyama haijapata rangi. Tia vipande vichache vichache, visibanane, na usivivuruge. Mwache apate rangi upande mmoja ndipo umgeuze. Vikishaiva vyote vitoe, punguza moto, sasa ndo tia siagi vijiko viwili vya supu na punje sita za thomu zilizotwangwa. Nusu dakika tu, thomu ikianza kunukia. Ikipata rangi ya kahawia umechelewa. Rudisha nyama, kamulia ndimu, geuza, epua. Na siagi nasema siagi ya maziwa, si ile Blue Band ya mkate. Ile ni majarini, kila mtu na yake, lakini ladha si hiyo.

Sisi nyumbani nyama yenye wekundu ndani hatuli, kwa hiyo mie naiacha hadi imalizike kuiva. Wazungu watasema nimeiharibu. Sawa.

Mbatata sasa. Kilo moja, zile kubwa zinazotoka bara. Menya, kata sawasawa, anza na maji baridi ili zisiive nje ndani zikabaki ngumu. Zikiiva mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika moja zikauke. Ziponde zikiwa moto, kwa mwiko au kwa mchi mdogo wa mbao, kisha kidogo kidogo tia maziwa ya moto, kama kikombe kimoja, na siagi kijiko. Kila aliyewahi kupika kachori anajua kuponda mbatata, sina la kuwafundisha.

Ila mie, niliyefundishwa kachori na mama yangu mzazi, siku ile nilijifanya nimesahau.

Nilikuwa nimetoka usiku, zamu ya tatu mfululizo. Maji yalikuwa hayapandi juu, nimepandisha ndoo mbili mwenyewe. Nikakaanga nyama, ikatoka ngumu, nitaeleza kwa nini. Ikafika zamu ya mbatata. Nikawaza: chakula cha baba lazima kiwe laini kabisa, kisiwe na madonge, mana tangu kiharusi kumeza kwake ni kwa taabu. Nikaona niziweke kwenye blenda. Wallahi nilijiona mjanja. Dakika moja zikawa nyeupe, zinang'aa, hazina hata punje.

Nikamkalisha baba wima, nikaanza kumlisha. Kijiko cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Cha tatu hakikupita.

Hakukohoa. Hilo ndo nataka mlishike. Mtu anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, mhimize, usimpe maji, usimtie kidole mdomoni. Wa kumuogopa ni yule anayenyamaza. Baba alinyamaza, macho yakamtoka, akanishika dera langu kwa ule mkono wa kushoto. Nikamwinamisha mbele, kifua chake juu ya mkono wangu mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili nikampiga katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. La nne ndo donge likatoka, likaanguka kwenye mapaja yake. Kama lisingetoka kwa mapigo matano, ningezunguka nyuma yake nimkaze tumbo juu ya kitovu, kuingia ndani na kwenda juu, mara tano, na kurudia. Hiyo ni kwa mtu mzima. Mtoto mchanga hakazwi tumbo hata siku moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kimya. Binti yangu alikuwa mezani na sahani yake. Mie nina stashahada ya uuguzi na miaka 11 kazini, jamaa za wagonjwa nimewafundisha kulisha sijui wangapi, na baba yangu nilikuwa nampalia kwa mkono wangu. Nikaenda msalani nikafungua mfereji ili wasinisikie, nikakumbuka kuwa maji hayatoki.

Kosa lilikuwa ile blenda. Mbatata imejaa chembe za wanga. Ukiiponda kwa mkono, nyingi zinabaki nzima. Visu vya blenda vinazipasua, wanga wote unamwagika, na kwa ule umoto unakuwa gundi. Laini na nata si kitu kimoja. Chakula kinachonata kinashika kooni, na mtu ambaye koo lake halisukumi vizuri hawezi kukivua. Mie nilitafuta ulaini nikasahau kujaribu kwenye kijiko. Siku hizi nainamisha kijiko: chakula kikiteleza chenyewe kikadondoka kizima, sawa. Kikibaki kimeganda, kinarudi sufuriani kuongezwa maziwa.

Wenye wazee wa kiharusi nyumbani, nawaongezea haya. Akae wima wakati wa kula na nusu saa baada ya kula. Kijiko kidogo, na umuone amemeza kabla ya kingine. Msizungumze naye mdomo ukiwa na chakula, mana atataka kukujibu. Usidhani maji ni salama kwa kuwa ni maji, kwa wengi wao maji matupu yanapalia haraka kuliko uji mzito. Na kama kila akila sauti yake inakuwa ya majimaji, au anapata homa na kifua mara kwa mara, chakula huenda kinaingia mapafuni. Usimpe dawa ya kikohozi ya dukani, mpeleke hospitali akapimwe namna anavyomeza. Chumvi nayo, presha ndiyo iliyomfikisha wengi hapo. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo mmo mkate na kila kitu. Mbatata za baba hazitiwi chumvi. Siagi yake nusu kijiko.

Sasa ile nyama ngumu. Siku ile ile, kama saa moja baadaye, baba akanigongea ukuta, ndivyo anavyoniita. Nikajua amekasirika, au anajisikia vibaya tena. Nikaenda mbio. Alikuwa ananyooshea kidole sahani ya binti yangu, nyama imebaki nusu, mtoto ameshindwa kutafuna. Baba akahangaika na mdomo wake, ukapinda, ukarudi, na mwisho akasema:

"Paja."

Sikuelewa. Akarudia, safari hii kwa hasira kabisa. "Paja!"

Jamani. Mimi nilinunua salala, nimelipa bei ya salala, na muuzaji mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa amenikatia paja. Mtoto wa muuza nyama sikugundua. Baba aliona kutoka kitandani, kwenye sahani ya mtu mwingine, imeshakaangwa na kutiwa siagi. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Baba naye akacheka kwa ule upande mmoja, na mie nikacheka huku machozi ya lile jambo la mwanzo bado hayajakauka.

Nyama hali mpaka leo, sitawaongopea. Ninachofanya ni hivi: ile siagi iliyobaki kwenye kikaango, yenye ladha ya nyama na thomu, naichuja kwa chujio dogo la chai, vijiko viwili, naichanganya ndani ya mbatata zake badala ya ile siagi. Anafumba macho akila. Mara moja mama alimuuliza kama imekolea, akainua gumba.

Na nyama yoyote ikiingia nyumba hii, kabla ya jikoni inapita kitandani kwake. Nafungua mfuko, anaibonyeza kwa kidole cha kushoto, anaigeuza. Ijumaa iliyopita aliibonyeza, akatikisa kichwa. Nikamwambia baba, mbona mie naiona nzuri? Akatikisa tena. Nikavaa buibui, nikashuka ngazi zote zile, nikarudi kwa muuzaji. Akataka kubisha. Akaniuliza nani kasema si salala. Nikamtajia jina la baba. Akaichukua ile nyama kimya kimya, akaingia ndani, akatoka na kipande kingine.

Watoto ndo hao wanapanda ngazi. Maswali yaacheni hapa chini, nitayajibu nikitoka zamu.